Aliyepima Aandikwe, Aliyeandikwa Ajibu

Barua ya wazi kwa kamati za maadili ya utafiti wa afya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo

Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe,

Mimi ni mmoja wa watu wanaotajwa kwa jumla tu katika maombi yanayofika mezani kwenu: msimamizi wa kazi za nyanjani. Nina ombi moja. Msitoe kibali kwa utafiti wowote wa ushirikiano mkubwa mpaka mwombaji aambatanishe mpango wa uandishi. Mpango huo useme nani ataandikwa kuwa mwandishi wa makala, kwa kazi ipi na kwa utaratibu gani. Useme pia nani atakuwa na wajibu wa kumtafuta mtu huyo endapo mkataba wake utakuwa umekwisha siku rasimu inapoandikwa.

Najua mna mizigo mizito kuliko huu. Mnawalinda watoto na wajawazito wasiingizwe katika majaribio yasiyo na sababu, na mnapitia fomu za ridhaa neno kwa neno. Lakini orodha ya majina iliyo juu ya makala ya kisayansi nayo ni hati ya kimaadili. Inasema mambo mawili kwa pamoja: nani anastahili sifa ya kazi hii, na nani wa kuulizwa siku kazi hii itakapotiliwa shaka. Kwa namna orodha hizi zinavyopangwa sasa katika miradi mingi, tunapoteza yote mawili. Nanyi ndio mnaokutana na mradi mapema, wakati bado kila mtu anahitaji kibali na yuko tayari kukubaliana.

Utafiti mkubwa haukwepeki tena. Mei 2015, makundi mawili ya wanafizikia wa CERN, karibu na Geneva, yaani ATLAS na CMS, yalichapisha kwa pamoja makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs katika jarida la Physical Review Letters. Makala ilikuwa na kurasa 33. Utafiti wenyewe pamoja na marejeo ulichukua kurasa 9. Kurasa 24 zilizobaki zilijaa majina ya waandishi na taasisi zao. Waandishi walikuwa 5,154. Wapo walioibeza orodha ile, lakini nyuma yake kuna sheria zilizoandikwa. Katika ATLAS mtu haingii kwa sababu anafahamiana na mkubwa. Hupewa kwanza kazi ya kiufundi yenye manufaa kwa mradi wote, huifanya kwa muda uliowekwa, ikikubaliwa ndipo jina lake huingia. Likishaingia hupangwa kwa alfabeti, profesa na mwanafunzi wake bila kutanguliana kwa cheo. Aliyetunza vitambuzi kwa miaka na aliyefanya hesabu za mwisho hukaa katika orodha moja, kwa kuwa bila mmoja mwenzake hana cha kuandika. Na mwaka 2012, ATLAS ilipotangaza kuigundua chembe hiyo, makala yake iliwekwa wakfu kwa kumbukumbu ya wenzao waliofariki kabla ya kuona matunda ya kazi yao.

Siwaombi muige alfabeti ya wanafizikia. Orodha ya aina hiyo ina kasoro yake: msomaji hawezi kujua nani alifanya nini. Ninachotaka tukichukue kwao ni kitu kimoja, nacho ni kwamba kanuni hutangulia majina, na kila anayeajiriwa huijua tangu siku ya kwanza.

Katika tiba kanuni tunayo, tena nzuri. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo chimbuko lake ni kikao cha wahariri wachache mjini Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne. Mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au kukusanya data, au kuzichambua, au kuzifasiri. Awe ameandika rasimu au ameipitia kwa jicho la kuhoji. Awe ameridhia nakala ya mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi nzima, kwa maana ya kuhakikisha kwamba swali lolote kuhusu usahihi au uaminifu wake linachunguzwa na kupata jibu.

Kukusanya data kumetajwa katika sharti la kwanza kabisa, bega kwa bega na kubuni utafiti. Kwa nini basi wakusanyaji hawamo? Kwa sababu ya sharti la pili na la tatu. Mtu ambaye hakuletewa rasimu hawezi kuipitia wala kuiridhia, kisha huambiwa hakutimiza masharti. Wahariri wenyewe waliliona tundu hili, wakaandika wazi kwamba masharti haya yasitumiwe kumwengua anayestahili kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza, na kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe fursa ya kushiriki katika kuandika, kupitia na kuridhia. Maneno hayo yapo. Kinachokosekana ni wa kuuliza kama yametekelezwa.

Huenda wengine wakasema kukusanya data ni kazi ya mikono, haihitaji akili ya mwandishi. Naomba niwaeleze kazi hiyo jinsi ilivyo.

Mkusanya data anafika kwa bodaboda kwenye nyumba ya mtoto mwenye homa. Anamsomea mama fomu ya ridhaa. Mama hajui kusoma, kwa hiyo anatafutwa shahidi asiye wa mradi, maelezo yanarudiwa mbele yake, ndipo dole gumba linapotiwa wino. Mtoto anachomwa kidole, damu inawekwa kwenye slaidi: tone moja linatandazwa liwe jembamba, jingine linaachwa nene. Maabara wanazitia rangi ya Giemsa. Wasomaji wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, wanahesabu vimelea vya malaria kwa kulinganisha na chembe nyeupe 200 za damu. Wakitofautiana mno, anaitwa wa tatu.

Halafu linakuja swali la umri. Kadi ya kliniki inasema mtoto kazaliwa Machi. Mama anashikilia kwamba alijifungua Februari, kabla masika hayajaanza. Katika jaribio la chanjo, mwezi mmoja unaweza kumtoa mtoto kundi moja na kumtia jingine, au kumwondoa kabisa. Kompyuta ya ofisini inachojua ni kutoa onyo kwamba tarehe hazioani. Anayeamua ni yule aliyesimama uani: anakagua daftari la zahanati, anamhoji mkunga, anamuuliza jirani aliyejifungua wiki ile ile, kisha anaandika tarehe na sababu ya kuichagua. Huo ni uamuzi wa kisayansi, na hauwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote katika mradi huo, hata awe na shahada ngapi.

Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, dada aliyesimamia usomaji wa slaidi alibaini kwamba kundi zima la slaidi lilikuwa limetiwa rangi vibaya na vimelea havionekani sawasawa. Alikataa kuzisoma, akataka zile za akiba zitiwe rangi upya, akabishana na waliokuwa na haraka ya tarehe za ripoti. Alishinda, na matokeo yale yakasimama. Makala ilipotoka, mchango wake ulimezwa na mstari mmoja wa shukrani kwa “wafanyakazi wa nyanjani na maabara”. Hakuna aliyemletea rasimu. Hakuna aliyemnyima kwa chuki pia. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anwani yake ya barua pepe ya mradi imefungwa, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumtafuta.

Hivi ndivyo majina yanavyopotea, waheshimiwa. Mara nyingi si hila ya mtu, ni kalenda. Chukueni jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya. Watoto 15,459 waliandikishwa kuanzia mwaka 2009 hadi mwanzoni mwa 2011, na matokeo ya mwisho yakachapishwa mwaka 2015. Makala zake zilitoka kwa jina la ushirikiano wenyewe, na majina ya watafiti yakaorodheshwa. Huo ni mfano wa kazi inayokubali kuwa ni ya wengi. Lakini angalieni urefu wa muda: kati ya mtoto wa kwanza kuchomwa sindano na makala ya mwisho kutoka, ilipita miaka sita. Msaidizi wa utafiti wa nchini kwetu huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Mpango usipoandikwa mapema, wanaobaki mezani wakati wa kuandika ni wenye ajira za kudumu, na wengi wao wako mbali na mahali damu ilipotolewa.

Hata wanasayansi wetu wenye shahada za juu huonja sehemu ya dhuluma hii. Uchunguzi uliotoka mwaka 2019 katika jarida la BMJ Global Health ulipitia makala zipatazo 7,000 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika kusini mwa Sahara kati ya 2014 na 2016. Ulionyesha kwamba nafasi ya waandishi wa nchi husika hupungua pale anapokuwepo mshirika wa Marekani, Kanada au Ulaya, na hupungua zaidi mshirika akitoka vyuo vikuu vya juu vya Marekani. Wengi hubanwa katikati ya orodha. Katika tiba, mahali pa heshima ni jina la kwanza, la aliyebeba kazi ya uandishi, na la mwisho, la kiongozi. Anayetathmini maombi ya kupandishwa cheo au ya ruzuku hutazama ncha hizo mbili.

Tofauti kati ya kuandikwa na kusahaulika inaonekana vizuri katika maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Zaire, kulikozuka ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu na kuona ikiendelea kutiririka pale sindano ilipotoka. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa aliyekuwa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Maabara za Ubelgiji, Uingereza na Marekani zikatambua virusi vipya, vikaitwa Ebola. Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha makala tatu za maabara hizo. Jina la Muyembe halimo katika orodha ya waandishi wa hata moja. Waliokuwa kwenye maabara walifanya kazi ya kweli na walistahili kuandikwa. Yeye aliyeingia wodini pia alistahili, na kwa miongo kadhaa dunia ilisimulia ugunduzi ule bila kumtaja.

Sasa njooni mwaka 2018, Kivu Kaskazini. Jaribio la dawa za Ebola lilianza Beni, likaenea Butembo, Katwa na Mangina, likapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Muyembe, akiwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya INRB, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wagonjwa 681 waliandikishwa na dawa nne zikalinganishwa. Agosti 2019 uandikishaji ulisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa dawa mbili zilionekana kuokoa maisha zaidi. Mojawapo, mAb114, ilitokana na kingamwili za manusura wa mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Makala ilipotoka mwaka huo huo katika New England Journal of Medicine, jina la kwanza lilikuwa la Mkongo, Sabue Mulangu. Muyembe naye yumo, na nyuma yao kundi zima la jaribio. Kazi hiyo ilifanyika katikati ya vita, vituo vya matibabu vikishambuliwa, na bado majina yalipangwa. Atakayesema mpango wa uandishi ni anasa isiyowezekana katika mazingira magumu, jibu lake liko Beni.

Nimesema orodha ni suala la sifa na la uwajibikaji. Sifa ni haki ya mfanyakazi, nasi husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Uwajibikaji ni haki ya mgonjwa, na hapa ndipo ombi langu linapoingia moja kwa moja katika kazi yenu.

Mei 22, 2020, janga la korona likiwa limepamba moto, The Lancet ilichapisha makala iliyodai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, Afrika ikiwemo. Ilidai kwamba dawa za klorokwini na hidroksiklorokwini ziliambatana na vifo zaidi. Ndani ya siku chache Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya hidroksiklorokwini katika jaribio lake. Wanasayansi wakaanza kuhoji, wakiwemo waliojua hali halisi ya hospitali za Afrika na namna rekodi zake zinavyotunzwa. Waandishi wa makala ile walikuwa wanne tu, na data zilikuwa mikononi mwa kampuni ya mmoja wao. Wenzake watatu walipotaka zikaguliwe, hazikutolewa, nao wakaiomba The Lancet iiondoe. Iliondolewa mwanzoni mwa Juni, wiki mbili tu baada ya kutoka.

Jiulizeni: hospitali 671, na katika orodha hamna muuguzi, daktari wala karani wa rekodi kutoka wodi zile aliyeweza kusema, “Hizi ni za kwetu, nilizijaza mimi,” au, “Hizi hatuzijui.” Orodha isiyo na mtu aliyegusa data ni orodha isiyoweza kuzijibia. Kila tunapomwondoa mkusanyaji, tunamwondoa shahidi.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu. Baadhi yenu mtasema tukifungua mlango huu tutaishia kwenye orodha za maelfu, na wakubwa watapenyeza majina ya jamaa na mabosi ambao hawakufanya lolote. Hatari hiyo ipo leo, tena bila mpango. Mkuu wa idara anaandikwa kwa sababu ya kiti chake, na aliyekaa miezi kadhaa kijijini anashukuriwa kwa jumla. Mpango ulioandikwa huziba njia zote mbili, kwa kuwa kila jina litadaiwa kazi yake. Wala sisemi kila aliyejaza dodoso awe mwandishi. Wapo ambao mchango wao hautafikia kiwango hicho, na wapo ambao hawatataka kubeba dhamana ya kujibu maswali. Hao nao wana majina.

Kwa hiyo naomba fomu zenu za maombi ziongezwe vipengele vifuatavyo.

Kwanza, mpango wa uandishi ulioandikwa kwa lugha ambayo wafanyakazi wote wa mradi wanaielewa, na kusainiwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Pale timu inapofanya kazi kwa Kiswahili, uwe kwa Kiswahili.

Pili, kila aliyechangia kwa kiasi kikubwa kukusanya au kusoma data aletewe rasimu, apewe muda wa kutosha, na aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoimudu. Atakayekataa kuwa mwandishi akatae kwa maandishi, ili ukimya wa barua pepe iliyofungwa usihesabiwe kuwa ni kukataa.

Tatu, wasiofikia uandishi watajwe kwa majina yao na kazi zao, kwa ridhaa yao, katika kiambatisho kinachochapishwa pamoja na makala. Mfumo wa CRediT, wenye aina 14 za michango, unatumiwa na majarida mengi, na unamwezesha msomaji kujua nani alibuni, nani alikusanya, nani alichambua na nani aliandika.

Nne, mtafiti mkuu atunze mawasiliano binafsi ya wafanyakazi walioondoka, na kuwe na mtu aliyetajwa mwenye kazi ya kuwatafuta. Aliyefariki atajwe, na familia yake ijulishwe.

Tano, mkague mwishoni. Tanzania tayari watafiti wa afya huomba ruhusa ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kabla ya kuchapisha. Mahali hapo hapo panatosha kuuliza: mpango mliousaini uko wapi, na orodha hii inaufuata? Nchi ambazo hazina hatua hiyo zinaweza kuuliza katika ripoti ya kufunga mradi.

Hakuna katika haya linalopingana na kanuni za kimataifa. Kanuni za Maadili ya Utafiti katika Mazingira yenye Rasilimali Chache za mwaka 2018 zinataka watafiti wa mahali husika washirikishwe kuanzia usanifu wa utafiti hadi uandishi wa makala. Tamko la Cape Town, lililotokana na mkutano wa dunia wa mwaka 2022 kuhusu uadilifu wa utafiti, linauhesabu usawa kuwa sehemu ya uadilifu wenyewe. Wafadhili na majarida yanayakubali haya kwa maneno. Kibali chenu kinaweza kuyageuza kuwa sharti, kwa sababu pasipo kibali hakuna damu itakayotolewa wala ruzuku itakayotumika.

Waheshimiwa, hamhitaji sheria mpya wala bajeti ya Bunge. Mnahitaji ukurasa mmoja zaidi katika fomu na ujasiri wa kurudisha maombi yatakayokuja bila ukurasa huo. Anzeni na miradi inayohusisha nchi zaidi ya moja, maana ndiko majina yanakopotea kwa wingi. Sisi wa nyanjani hatuombi kubebwa. Tunaomba tuandikwe kwa kazi tuliyoifanya, na tunakubali kuitwa na kuhojiwa juu ya kila tarehe tuliyoijaza na kila slaidi tuliyoisoma.

Wenu katika utumishi,

Msimamizi wa kazi za nyanjani, Tanzania